Upande wa Moshi

Maziwa hayakuwa na kitu.

Sajini Philemon Jilo aliipokea habari hiyo kwa simu, amesimama nyuma ya kituo karibu na tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri. Mtu wa maabara alisema amepima kibuyu, amepima maziwa yaliyokuwamo, amepima hata kifuniko. Hakuna sumu ya panya, hakuna dawa ya kupe, hakuna chochote cha kumwua mtu. Alichokiona ni chembe za mkaa. Philemon akamwambia hiyo si ajabu, Waorma hufukiza vibuyu vyao kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa. Mtu wa maabara akasema basi, kazi yake imeishia hapo.

Philemon akaingia kwa OCS, mkuu wa kituo, na kumweleza. OCS hakuinua macho kutoka kwenye chai yake.

"Maabara inajua sumu za dukani," alisema. "Za porini itazijulia wapi?"

"Afande, hakuna sumu."

"Kuna watu wawili wamekufa, Jilo."

Hilo lilikuwa kweli. Wa kwanza alikuwa Abdullahi, mzee wa Kisomali, mlinzi wa kiwanja cha mbolea cha Gedi nje ya Garsen. Alishikwa na homa, akakohoa, akakosa pumzi, akafa, akazikwa siku ileile. Wa pili alikuwa Komora, kibarua kutoka kijiji cha Wema, Mpokomo, aliyekuwa akichambua taka palepale kiwanjani. Homa ileile, kikohozi kilekile. Yeye mwili wake ulipelekwa Malindi kupasuliwa, maana ndugu zake walikataa kuzika kabla ya kujua.

Lakini ndugu walikuwa tayari wameshajua. Kila asubuhi Abdullahi na Komora walikunywa maziwa ya Bonaya, mfugaji wa Kiorma aliyehamia jirani na kiwanja baada ya mafuriko. Na Bonaya huyo, msimu uliopita, ng'ombe wake waliingia katika shamba la Komora wakala mahindi, na wawili hao wakatoleana mapanga. Watu wa Wema hawakuhitaji ushahidi mwingine. Bonaya alikuwa korokoroni.

"Vijana wa Wema wanakaa makundi makundi," OCS alisema. "Vijana wa Kiorma nao wananiuliza mtu wao anatoka lini. Hapa kwetu tunajua makundi hayo huishia wapi. Kesho asubuhi Bonaya anakwenda kortini kwa mauaji. Ama niletee kitu kingine leo."

"Nitakwenda kiwanjani."

"Nenda. Lakini kumbuka wewe ni Mpokomo, mtu wa mtoni kama Komora. Ukimwachilia Mworma, kwenu utapikiwa na nani?"

Philemon akachukua ufunguo wa gari.

Kiwanja cha Gedi kilinuka kabla ya kuonekana. Maembe ya msimu, yale yaliyooza kwa kukosa gari la kuyapeleka sokoni, yalikuwa yamechanganywa na samadi, pumba za mpunga na taka za sokoni, yakalimbikizwa kuwa matuta marefu yaliyomfika mtu mabegani. Yalikuwa yakifuka. Juu ya kila tuta mvuke mweupe ulipanda, kisha upepo wa kaskazi ukaulaza upande wa pili.

Gedi alikuwa ameketi chini ya paa la mabati, upande upepo unakotoka. Alikuwa mfanyabiashara mnene mwenye duka la nguo mjini, na alizungumza kama mtu aliyekwisha kuulizwa maswali hayohayo mara nyingi.

"Sajini, mbolea haijaua mtu tangu dunia iumbwe. Babu yangu alizaliwa juu ya samadi."

"Kwa nini wewe unakaa huku?"

"Harufu. Mimi nina pua."

"Matuta yanageuzwa kila siku?"

"Kila asubuhi. Yasipogeuzwa yanakufa ndani, hayawi mbolea."

"Yanamwagiwa maji kwanza?"

Gedi alikuna ndevu. Zamani yalimwagiwa, alisema. Kulikuwa na pampu pale kwenye mto mdogo. Maji ya mafuriko yalikuja yakaondoka nayo, na pampu nyingine haijapatikana. Tangu hapo wanageuza makavu.

"Watu walianza kuugua lini?"

"Baada ya mafuriko. Lakini baada ya mafuriko kila mtu anaugua, Sajini. Uliza hospitali."

Philemon aliyazunguka matuta kwa miguu. Upande wa chini wa upepo ardhi ilikuwa tupu, na kitu cha kijivu kilikuwa kimetanda juu yake kama unga. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeegemezwa kwenye mti wa mathenge. Gedi, aliyemfuata kwa mbali akiwa ameziba pua kwa kikoi, alisema ni cha marehemu Abdullahi. Hakuna aliyetaka kukichukua.

Hatua chache kutoka chini ya tuta, Philemon akachuchumaa. Palikuwa na mashimo manne ya miguu ya kitanda, mapana, yamejaa ule unga wa kijivu hadi juu. Kando yake palikuwa na mashimo mengine manne, madogo, yaliyokaribiana. Haya yalikuwa masafi. Kingo zake zilikuwa kali kama zimekatwa kwa kisu.

"Walilala hapa?"

"Abdullahi na Komora, ndiyo. Komora hakuweza kurudi Wema, njia ilikuwa maji. Nikawaambia walale ndani ya stoo, wakakataa. Mbu."

"Na hapa hakuna mbu?"

Aliyejibu alikuwa Adan, dereva wa trekta, kijana mrefu aliyekuwa akitafuna mirungi huku amekaa kwenye gurudumu. Alisema moshi wa tuta unawafukuza. Wale wawili walikuwa wakilala pale kama wafalme, yeye akijipiga makofi usiku kucha kule kwake.

Philemon alimuuliza kama na yeye alikunywa maziwa ya Bonaya.

"Mimi? Nilikunywa kuliko ndama. Wale wazee walikuwa wanalamba tu. Kama ni sumu, Afande, mimi ningeoza kabla ya haya maembe."

"Na hukuugua."

"Hata mafua."

"Washa trekta. Nataka kuona unavyogeuza."

Adan alipanda. Trekta ilipita ubavuni mwa tuta na nyuma yake wingu likainuka, nusu mvuke, nusu vumbi, likapinda na upepo na kuteremka polepole juu ya mashimo ya vitanda. Philemon alirudi nyuma. Koo lilimwasha. Alitazama jinsi Adan alivyobaki upande wa juu tangu mwanzo hadi mwisho wa tuta, na alipozima injini akamuuliza kwa nini.

"Huko chini sioni hata gurudumu langu," Adan alisema. "Naendesha nikiwa upande wa upepo. Mwalimu wangu wa trekta alikufa kwa kutumbukia, si kwa maziwa."

Boma la Bonaya lilikuwa ng'ambo ya kiwanja tu. Mafuriko yaliichukua manyatta yao ya zamani, wakaja hapa kwa kuwa palikuwa pameinuka. Nyumba ya fito na mikeka, zizi la miiba, ndama wawili. Mkewe, Mumina, alisimama mlangoni na mtoto wa miaka minne hivi kiunoni. Kitanda kidogo cha kamba kilikuwa nje, kimeinamishwa ukutani.

Mumina alijibu maswali kwa kifupi, kwa Kiswahili cha kuombea chumvi dukani. Maziwa, wote walikunywa. Yeye alikunywa. Mtoto huyu, Bishara, alikunywa. Muna pia alikunywa. Muna alikuwa binti yao mkubwa, wa miaka kumi na moja, na sasa alikuwa hospitalini na shangazi yake, naye hawezi kupumua.

Chupa ya dawa ya kupe ilining'inia kwenye fito za paa. Ilikuwa nusu. Philemon aliiteremsha, akaifunga kwenye mfuko na kuandika tarehe juu yake, ingawa alijua kila boma kutoka hapa mpaka Bangale lina chupa kama hiyo. OCS angeifurahia.

"Baba Muna anarudi lini?" Mumina aliuliza.

Philemon akasema hajui.

"Muna anapumua vipi?"

Hilo pia hakulijua. Akamwambia anakwenda huko sasa.

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa Asenath, mwanamke mwembamba ambaye hakupoteza muda kwa salamu. Alimpeleka Philemon hadi kitanda cha pembeni. Msichana alikuwa amelala na barakoa ya oksijeni usoni, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka mbio. Shangazi yake alikuwa akimpepea kwa kipande cha katoni.

Asenath aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Pafu linatakiwa kuwa jeusi, alisema. La Muna lilikuwa na madoa meupe pande zote mbili, kama mtu aliyerusha pamba.

"Nilimtibu malaria, hakuwa nayo. Nilimtibu nimonia, haikusikia dawa. Halafu leo nimepigiwa na daktari aliyempasua Komora. Wewe hajakupata kwa simu, kakuandikia ujumbe."

"Kasema nini?"

"Mapafu ya Komora yameota kuvu."

Philemon akaitazama tena ile picha.

"Unaijua kuvu ya mahindi," Asenath alisema. "Ile unaila. Hii unaivuta. Inakaa ndani ya vitu vinavyooza kwa joto. Ikiwa na maji imelala. Ikikauka na ukaikoroga, mbegu zake zinaruka, ndogo mno, huzioni. Wewe na mimi tukivuta kidogo tunakohoa yanaisha. Mzee mwenye pumu, mvuta sigara kama Komora, mtoto aliyetoka kuugua, hao wakivuta usiku kucha inaota humo."

"Huyu aliugua nini kabla?"

"Malaria, mwezi uliopita. Ilimkausha. Nilimwambia baba yake mimi mwenyewe kwamba malaria nyingine itamuua."

Philemon akamweleza kuhusu matuta, pampu iliyochukuliwa, na wingu. Akamweleza kuhusu Adan aliyekunywa maziwa kuliko wote na asiugue. Asenath alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa nisaidie hapa," alisema. "Hao wawili walilala kwenye hilo vumbi. Huyu je? Namuuliza mama yake, anasema Muna alilala kitandani kwake. Shangazi hajui. Nikimpeleka Malindi bila jibu, wataanza kumtibu kifua kikuu, maana ndicho wanachokiona kila siku. Wakigundua si hicho, hatakuwepo. Nikiwa na jibu, nawapigia dawa ya kuvu itafutwe sasa, iwe inamsubiri."

"Ataipata?"

"Sijui kama ipo Malindi. Labda Mombasa."

"Ataishi?"

Asenath alirudisha picha kwenye bahasha. "Tumechelewa, Sajini. Niletee jibu tu."

OCS alisoma ujumbe wa daktari wa Malindi kwenye simu ya Philemon, akausoma tena, akamrudishia.

"Kwa hiyo nimshtaki nani? Kuvu?"

"Hakuna wa kushtaki."

"Watu wa Wema utawaambia mtoto wao kauawa na maembe yaliyooza?"

"Nitawaambia."

"Watasema umehongwa ng'ombe." OCS akapunga mkono kuelekea korokoroni. "Chukua maelezo yake, umtoe. Na usimwache atembee peke yake barabarani."

Bonaya aliletwa kwenye chumba cha maelezo bila viatu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kavu, na tangu akamatwe alikuwa amesema sentensi moja tu, kwamba maziwa yake ni safi. Philemon akamwambia maabara imekubaliana naye. Bonaya hakuonyesha kushangaa. Alikaa.

"Abdullahi na Komora walilala chini ya tuta," Philemon alisema. "Nani aliwaambia walale pale?"

"Mimi."

Alilisema kwa fahari. Philemon aliweka kalamu chini.

"Nieleze."

Bonaya alieleza taratibu, akitafuta maneno. Kwao, jioni, samadi kavu huwashwa moto mlangoni mwa zizi. Haitoi mwali, inafuka tu. Watu na ndama hulala upande moshi unakokwenda, na mbu hawaji. Baba yake alilala hivyo, na baba wa baba yake. Mwaka huu mafuriko yaliloanisha samadi yote, ikakataa kuwaka, na mbu walikuwa wengi kama pumba. Ndipo akaliona tuta la Gedi. Samadi ileile, inafuka yenyewe, mchana na usiku, bila kiberiti.

"Mimi nasema, hii Mungu ametuletea. Abdullahi mzee, mbu wanamla. Nikamwambia, lala upande wa moshi. Akalala. Asubuhi akaniombea dua."

"Na Komora?"

"Komora tulikuwa na ugomvi. Lakini mtu anaumwa na mbu mbele yako, utanyamaza? Nikamwita. Nikamwonyesha pa kutandika mkeka. Ndiyo tukapatana hapo. Kesho yake akanywa maziwa yangu."

Philemon aliuliza swali alilotumwa.

"Muna alilala wapi?"

"Daktari alisema malaria ingine itamuua."

"Najua alivyosema. Alilala wapi?"

"Nilibeba kitanda chake mimi mwenyewe. Nikakiweka karibu kabisa, pale moshi mzito. Kila jioni nakipeleka, asubuhi nakirudisha nyumbani. Hakuumwa na mbu hata mmoja."

Philemon alitoka hadi kwenye tangi la maji, akampigia Asenath, akamwambia ndiyo, karibu kabisa, kila usiku. Asenath akasema anaandaa gari la Malindi. Philemon alirudi akaketi. Akamwambia Bonaya ukweli wote, kwa maneno mafupi, kwa kuwa marefu yasingepunguza kitu. Ule si moshi. Ule ni mvuke, na ndani ya mvuke na vumbi lile kuna uchafu hai unaoota kifuani. Ndio uliomwua Abdullahi. Ndio uliomwua Komora. Ndio alionao Muna. Hakuna sumu, hakuna kesi, yuko huru.

Bonaya aliitazama mikono yake.

"Andika maziwa," alisema.

"Siwezi."

"Andika nilitia dawa ya kupe. Nitaweka kidole."

"Bonaya, hukutia."

"Watu wa Wema wanasema mimi nimewaua. Hawakukosea. Andika."

Philemon aliandika yale aliyoyasikia, akamsomea, na Bonaya akaweka kidole gumba bila kutazama. Zilibaki habari ndogondogo za kukamilisha maelezo. Philemon alimuuliza Muna alilazwa hospitali lini. Ijumaa iliyopita, Bonaya alisema, kabla hajakamatwa. Tangu hiyo Ijumaa kitanda hakijatoka nyumbani.

Kalamu ilisimama.

Adan aligeuza tuta kila asubuhi. Mashimo ya kitanda cha Abdullahi yalikuwa yamejaa vumbi hadi juu. Mashimo madogo yalikuwa masafi, na Philemon aliyaona kabla Adan hajageuza leo. Yalichimbwa na uzito wa jana usiku.

"Hicho kitanda cha Muna," alisema, "sasa anakilalia nani?"

Bonaya aliinua kichwa.

"Nani yuko nyumbani?"

"Mumina. Na Bishara." Kisha akasema, polepole, "Mumina anashika neno langu."

Philemon alijaribu simu ya Gedi, ikawa imezimwa. Mumina hakuwa na simu. Akamshika Bonaya mkono, wakapita mbele ya dirisha la OCS bila kujibu alichouliza, na gari likatoka kituoni kabla mlango wa upande wa Bonaya haujafungwa sawasawa. Jua lilikuwa limeshuka kwenye mathenge, na ng'ombe walikuwa wakirudi mazizini wakiwa wametapakaa barabara nzima, ikabidi gari lipunguze mwendo, lisimame, lipige honi. Bonaya alifungua mlango akashuka kabla halijasimama tena. Akakimbia.

Philemon alimkuta chini ya tuta. Kitanda kidogo kilikuwa kimekwisha kutandikwa, miguu yake imetulia ndani ya mashimo yale manne, na juu yake mvuke ulikuwa ukipita mweupe, mzito, ukichukuliwa na upepo. Bishara alikuwa amelala, amefunikwa leso hadi kidevuni. Mumina alikuwa ameinama akikaza kamba ya kitanda. Alipomwona mumewe alisimama wima, akaweka mkono kinywani, kisha akacheka, na Philemon akatambua kwamba hakuwa ameyaona meno yake asubuhi ile.

Alisema kwa Kiorma maneno mengi ya haraka, halafu, kwa heshima ya mgeni, akayarudia kwa Kiswahili.

"Baba Muna, usiogope. Bishara namlaza upande wa moshi, kila siku, kama wewe ulifanya. Mbu hajamgusa."

Bonaya alimnyanyua mtoto pamoja na leso yake, akamgeuza kifuani mwake, mgongo kwenye tuta, akaanza kutembea kuelekea upande upepo unakotoka. Mtoto aliamka. Akamtambua baba yake, akamshika shingo, akafungua kinywa kumwambia jambo. Kikohozi kikamtangulia.